Gari ya oto imenunuliwa kwa pesa ya maharage? Anza na mafuta ya giaboksi

Habari za mifuko ya kinga njaa na dumuzi tumezimaliza, kwa hiyo leo naomba mniruhusu nitoke shambani kidogo niingie barabarani. Najua mtaniuliza, bwana shamba na magari wapi na wapi? Jibu ni kwamba kuanzia mwezi wa saba, maharage ya msimu wa pili yakishauzwa na mahindi yakishapukuchuliwa, simu nyingi ninazopigiwa siyo za viwavijeshi vamizi wala za michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Ni za gari iliyonunuliwa kwa pesa ya mazao, ambayo sasa iko nyuma ya nyumba, mbuzi wanalala chini yake.

Na karibu simu zote hizo ni za gari ya oto.

Kijana mmoja wa upande wa Makere alinipigia mwaka jana. "Shikamoo bwana shamba." Marahaba. "Hivi gari ukiiweka D ikakaa kwanza, ikafikiria, halafu ndiyo iende, huo ni ugonjwa gani?" Nikamwuliza inafikiria kwa muda gani. Akasema asubuhi unaweza kuhesabu mpaka nne. Nikamwuliza mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini. Kimya. Halafu akasema: "Kwani na yenyewe hubadilishwa?"

Sikumcheka. Oili ya injini kila mtu anaijua, hata mwenye mashine ya kusaga pale kijijini anajua kwamba asipoibadilisha mashine itagoma. Lakini mafuta ya giaboksi ya oto hayaonekani, hayavuji sana, na fundi aliyekufanyia sevisi mara kumi hajawahi kuyataja. Sasa tuyataje.

Kwanza tuelewe kwa nini oto zimetujaa. Magari yetu mengi ya mtumba yanatoka Japani, na huko karibu gari zote ndogo mpya huuzwa zikiwa za oto. Manyuo ya bei ya mkulima imekuwa ya kutafuta kwa tochi. Halafu kuna suala la umri. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Sisi tunaruhusu, ila gari kuukuu inalipiwa ushuru zaidi. Kwa hiyo Probox au IST ya miaka kumi na tano inashuka bandarini Dar es Salaam, inafika Kahama, inafika Kibondo, na mafuta yaliyomo kwenye giaboksi yake huenda ni yale yale iliyotoka nayo kiwandani. Kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi usizitegemee sana, kuna watu kazi yao ni kuzirudisha nyuma.

Na lami nayo imechangia. Mradi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilometa 260 hivi, uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umewafanya watu waone kwamba sasa gari ndogo inatosha. Ni kweli, kwenye lami inatosha. Lakini maharage hayalimwi kwenye lami. Yanalimwa kule ndani, kwenye njia ya udongo mwekundu inayopanda na kushuka, na mwezi wa kwanza, wakati wa kuvuna maharage ya msimu wa kwanza, njia hiyo ni tope. Kipande hicho kifupi kati ya shamba na lami ndicho kinachoua giaboksi.

Mafuta yanafanya nini humo ndani

Gari ya manyuo ina klachi, sahani inayobanwa ishike. Ukiikanyaga inaachia, ukiiachia inashika. Gari ya oto haina pedali hiyo. Badala yake chukua feni mbili, zitazamane, uzifungie ndani ya chombo kilichojaa mafuta. Injini inazungusha feni ya kwanza. Feni hiyo inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma feni ya pili, na ya pili ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Ndiyo maana unaweza kusimama na gia imeingia na gari haizimi. Mafundi chombo hicho wanakiita toki konvata.

Ukienda ndani zaidi, gia zenyewe zinabadilishwa na vijiklachi vidogo vilivyopangwa kama sahani kabatini, na kinachovibana ni presha ya mafuta yale yale. Kwa hiyo mafuta haya yanasukuma gari, yanabana klachi, yanalainisha vyuma, na bado yanatakiwa yabebe joto yalipeleke nje. Siyo kilainishi tu kama oili ya injini. Ni sehemu ya mashine. General Motors ya Marekani walipoanza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, muundo ulikuwa tofauti na wa Probox yako kwa mengi, ila jambo hili lilikuwa vile vile: bila mafuta gari haiendi hata hatua moja.

Joto linatoka wapi? Linatoka pale feni ya kwanza inapozunguka haraka na ya pili polepole. Tofauti ile ya mwendo haipotei, inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Kwenye lami tambarare, gari ikishachanganya, kuna klachi nyingine inayozifunga feni zote mbili ziende pamoja, na joto linashuka. Kwenye mlima wa udongo, mwendo wa kilometa 15 kwa saa, gia ya kwanza, magunia sita nyuma na watu wawili juu yake, klachi hiyo haifungi. Injini inalia, feni ya kwanza inapepea, mafuta yanachemka. Gari iliyokuwa inapeleka vifurushi kwenye mitaa tambarare ya Osaka, sisi tunaipandisha Manyovu na lumbesa.

Mafuta haya yanafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 mpaka 90 hivi. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya hapo, maisha ya mafuta yanakatwa nusu. Ukitoka 90 ukawa unaendesha kwenye 120, umeyakata nusu mara tatu. Mafuta yaliyotakiwa kukaa kilometa 80,000 yanakuwa yamechoka kwenye 10,000. Siyo hesabu ya maabara, lakini inaeleza kwa nini gari ya mwalimu inayokwenda na kurudi Kasulu mjini inadumu, na ya mfanyabiashara wa maharage, ya mwaka ule ule, inakufa.

Rejeta na maji ya kisimani

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo huku kwetu naliona kila mara na halizungumzwi.

Mafuta ya giaboksi yanapoozwa na rejeta. Kwenye gari nyingi ndogo, ndani ya tenki la rejeta kuna bomba au kijirejeta kidogo ambamo mafuta ya giaboksi yanapita, na maji ya injini yanapita nje yake. Kuta zinazotenganisha hivyo viwili ni nyembamba. Sasa sisi tunajaza nini kwenye rejeta? Maji ya kisima, maji ya mto, maji ya dimbwi kama gari imechemka njiani. Maji hayo yana chumvi na matope, na hayana kizuia kutu. Baada ya misimu miwili mitatu ukuta unaliwa, maji yanaingia kwenye mafuta.

Ukiona mafuta ya giaboksi yamegeuka rangi ya waridi yenye maziwa maziwa, kama uji wa mtoto uliotiwa juisi, usiiwashe gari hiyo tena. Maji yanalegeza gundi inayoshika ule utando wa kwenye sahani za klachi, utando unabanduka, na hapo giaboksi inataka kufunguliwa yote. Wakati mwingine inakuwa kinyume, unakuta mafuta yanaelea kwenye rejeta. Ugonjwa ni ule ule.

Kulanti ya dukani ni bei, najua. Lakini ndiyo inayolinda ukuta ule. Kama huna uwezo wa kulanti, angalau usitumie maji ya mtoni, na uoshe matundu ya rejeta upande wa mbele, maana vumbi letu jekundu likichanganyika na wadudu linaziba kama udongo wa kukandika nyumba, na hewa haipiti.

Wekundu siyo aina

Ukienda duka la spea ukasema "nipe haidroliki", utapewa galoni yenye mafuta mekundu. Huo wekundu ni rangi tu, imewekwa ili mafuta yakivuja ujue yametoka giaboksi na siyo injini. Dawa ya kuua wadudu na dawa ya kuua magugu zote zinaweza kuwa nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji, lakini mkulima aliyewahi kupulizia ya magugu kwenye maharage hatasahau. Hapa pia ni lebo inayosema, siyo rangi.

Toyota nyingi za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinatumia mafuta yanayoandikwa T-IV. Zilizofuata zinatumia WS, ambayo ni mepesi zaidi. Haya mawili hayabadilishani. Ukitia mazito kwenye giaboksi ya mepesi, presha na msuguano vinakuwa tofauti na ilivyopangwa, gia zinaingia kwa kugonga au kwa kuchelewa. Halafu kuna CVT, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi.

CVT siyo oto ya kawaida. Haina gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana, kwa hiyo mwendo unabadilika bila hatua. Wazo lenyewe ni la zamani, DAF wa Uholanzi walionyesha gari ndogo ya namna hiyo mwaka 1958, ikiwa na mikanda ya mpira. Mkanda wa chuma unatakiwa ushike puli bila kuteleza ukiwa umelowa mafuta. Fikiria kushika jembe kwa mikono iliyopakwa mafuta, unatakiwa ulime na lisikuponyoke. Mafuta ya CVT yametengenezwa kwa kazi hiyo ngumu. Ukitia T-IV humo, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na puli ikishakwaruzwa hakuna dawa. Galoni yake inaandikwa CVT waziwazi, na kwa Toyota kuna TC na FE, kila moja na magari yake.

Utajuaje yako ni ipi? IST ya mwanzo ni oto ya gia nne, IST iliyoanza 2007 nyingi ni CVT. Probox za zamani ni gia nne, zilizobadilishwa sura mwaka 2014 ni CVT. Lakini usikisie. Kwenye Toyota kuna kibati chenye maandishi, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kinataja kodi ya giaboksi. Kodi ikianza na U au A, ni oto ya gia. Ikianza na K, ni CVT. Piga picha kibati hicho kwa simu, na ukienda dukani mwonyeshe muuzaji picha, usimweleze kwa mdomo. Na stiki ya kupimia mafuta, kama gari yako inayo, mara nyingi imeandikwa aina ya mafuta pale pale kwenye mpini au kwenye bati lake. Watu wanaishika kila wiki na hawajawahi kuisoma.

Kama bado unaona ni mafuta tu, nikupe kisa kimoja. Kwa miaka mingi mafuta ya giaboksi za Marekani yalichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalisaidia klachi zishike bila kushtua. Marekani ilipokataza bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walilazimika kutafuta mchanganyiko mwingine, na General Motors wakaleta Dexron II. Yaani tone dogo lililomo ndani ya galoni ndilo lililokuwa linahangaikiwa vile.

Galoni ununue iliyofungwa. Ya kupimiwa kwa chupa ya maji kutoka kwenye pipa, achana nayo, huwezi kujua ndani kuna nini, kama ambavyo nimewakataza kununua dawa ya kupimiwa sokoni. Ukishamaliza kutumia, galoni tupu itunze ili sevisi ijayo ununue ile ile.

Kupima na kubadilisha

Kupima mafuta ya giaboksi ni tofauti na kupima ya injini. Gari iwe imetembea, iwe ya moto, isimame sehemu tambarare, injini ikiwa inaunguruma. Vuta hendibreki, kanyaga breki, peleka levo taratibu kila sehemu, R, N, D, mpaka L, kila moja ikae kidogo, halafu rudisha P. Ndipo uvute stiki, uifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uirudishe, uivute tena usome kwenye alama ya HOT. Ukipima injini ikiwa imezima utaona mafuta mengi kuliko yaliyopo, utafurahi bure. (Honda nyingi zinapimwa injini ikishazimwa, kwa hiyo mwenye Honda asome kitabu chake.)

Kisha dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Mekundu na angavu, vizuri. Ya kahawia, yamechoka. Meusi yenye harufu ya kuungua, kama maharage yaliyokauka maji kwenye sufuria, hapo klachi zimeshaanza kuliwa. Pungufu ni mbaya kwa sababu pampu inavuta hewa, na kuzidisha ni mbaya vile vile, mafuta yanapigwa mpaka yanatoa povu, na povu halibani klachi.

Gari nyingi za WS na CVT hazina stiki kabisa. Zinapimwa kwa nati ya pembeni au ya chini, zikiwa kwenye joto maalumu, na hapo unahitaji fundi mwenye kifaa. Ila kuna njia ya kijijini isiyo na ubaya ikiwa giaboksi haikuwa inavuja: yapime yaliyotoka. Kama zimetoka lita tatu na robo, ingiza lita tatu na robo. Simama pale na ndoo yako ya kupimia, usione aibu.

Kuhusu kubadilisha, jua kwamba ukifungua nati ya chini hayatoki yote. Kwenye gari ndogo inatoka lita tatu hivi kati ya sita au saba, mengine yamebaki kwenye toki konvata na mabomba. Kwa hiyo fundi anayekuambia amebadilisha yote kwa galoni moja amebadilisha nusu. Hilo siyo kosa, mradi unajua. Mimi nashauri hivi: badilisha nusu, tembea wiki mbili tatu, badilisha tena nusu. Mara ya pili mafuta yatakuwa mazuri kwa sehemu kubwa. Sampo ikifunguliwa, chujio lisafishwe au libadilishwe, na ndani utakuta sumaku ndogo zimekamata unga wa chuma. Unga laini kama masizi ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa unavyoweza kuviokota kwa kucha, habari ni mbaya.

Lini? Watengenezaji wengine wanasema mafuta ya WS hayahitaji kubadilishwa kwa matumizi ya kawaida. Ukiendelea kusoma utakuta wanatenga kazi nzito, yaani kubeba mizigo, kuvuta, milima. Jamani, hiyo ndiyo Kibondo nzima. Kwa gari inayobeba mazao kwenye njia zetu, mimi ningebadilisha kila kilometa 40,000, na kwa asiyejua kilometa zake, kila baada ya misimu miwili mikubwa ya mavuno. Nimepiga hesabu na vikundi viwili hapa Kasulu: mafuta, chujio na ufundi havifiki gunia moja la maharage. Giaboksi ya mtumba inakula magunia matano, sita, au zaidi, bado hujaisafirisha kutoka Mwanza au Dar, na bado hujui iliyoletwa nayo ilitunzwaje.

Kuna wanaosema giaboksi ya zamani usiiguse mafuta, ukiyabadilisha inakufa. Nimelisikia gereji nyingi. Kinachotokea ni kwamba mtu anasubiri mpaka gari ianze kuteleza, anabadilisha mafuta, gari inakufa wiki ijayo, lawama zinaenda kwa mafuta mapya. Iliyokuwa inateleza ilikuwa imeshakufa. Kama bado inashika vizuri, badilisha nusu nusu kama nilivyosema, usikubali mashine ya kusukuma kwa presha. Kama imeshaanza kuteleza, weka pesa yako ya mafuta, anza kutafuta giaboksi.

Yale mafuta machafu yasimwagwe kwenye mfereji. Mito yetu mingi inaingia Malagarasi, na Malagarasi inaingia Tanganyika. Kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa watu wanafanya, siwezi kusema sijaona. Kupaka mbao za kihenge au za ghala la chakula, hapana.

Mzigo na mguu

Probox ile ya mizigo, kwa vipimo vya Japani, inaruhusiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Hiyo ni magunia manne ya kilo 100. Siyo manne ya lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inayakataza, na huku kwetu mnunuzi bado anayadai. Ukibeba lumbesa sita umezidisha karibu mara mbili, na joto linalipwa na giaboksi. IST haikutengenezwa kubeba magunia kabisa.

Kwenye mlima mrefu usiiache kwenye D ikihangaika kupanda gia na kushuka. Bonyeza kitufe cha O/D mpaka taa ya O/D OFF iwake, au weka 2. Mlima mkali sana, weka L. Kwenye mteremko fanya hivyo hivyo, injini isaidie breki. Kuna madereva wa mchomoko wanaoweka N kwenye mteremko eti wanaokoa petroli. Hawaokoi cha maana, breki zinachemka, na wakirudisha D kwa mwendo ule wanazigonga klachi.

Tope ndiyo adui mkubwa. Gari ikinasa, dereva anaweka D anakanyaga, R anakanyaga, D tena, tairi zinazunguka bila gari kutoka. Dakika chache za hivyo zinachemsha mafuta kuliko safari ya Kibondo mpaka Kasulu. Shusha mzigo, weka matawi, ita vijana wasukume, na gari isimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Usiku huo ukiona taa ya joto au ukisikia harufu ya kuungua, weka P, acha injini iungurume bila kukanyaga mpaka ipoe. Pampu inaendelea kuzungusha mafuta kwenye rejeta. Ila kama maji ya injini ndiyo yanayochemka au yamemwagika, zima.

Ukienda kununua

Dalali atakuwashia gari kabla hujafika. Mwambie unarudi kesho asubuhi, na uikute ya baridi. Weka D huku umekanyaga breki, ishike ndani ya sekunde moja au mbili. Weka R, vivyo hivyo. Halafu usiijaribu sokoni, ipeleke mlimani, ubebe watu wanne. Injini ikipanda sauti na gari isiongeze mwendo, shuka, shika nauli yako. Ikiwa ni CVT, sikiliza mtetemo wakati wa kuondoka polepole kwenye mwinuko. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya baridi, tazama kama kuna mafuta. Muuzaji akikataa mlima, ameshakujibu.

Na kama shamba lako liko mbali na lami na mzigo ndiyo kazi, mimi nakushauri bado utafute pikapu ya manyuo hata ikiwa imechoka sura, au kikundi kiendelee kukodi. Klachi ya manyuo ikiisha, fundi wa Kibondo anaifunga siku moja. Oto ni nzuri kwa mjini, kwa kupeleka watu, kwa mwenye nidhamu ya sevisi.

Jambo la mwisho, maana limeniudhi mwezi huu huu kwa gari ya jirani. Gari ya oto ikizima njiani haiwashwi kwa kusukuma, na haivutwi kwa kamba ikiwa tairi zinazoendesha ziko chini, kwa sababu pampu ya mafuta inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, vyuma vinazunguka vikavu mpaka mnafika mjini, na giaboksi iliyokuwa nzima inafika imekufa. Probox na IST zile za kawaida zinavuta kwa mbele, kwa hiyo nyanyua mbele. Noah za kizamani za kabla ya 2001 zinasukuma kwa nyuma, nyanyua nyuma. Zile za tairi nne kuvuta, pandisha yote kwenye lori. Fuso linalorudi tupu kutoka kupeleka mihogo litakubeba ukielewana na dereva.